Gemu za kunyata na kulianzisha: maswali ambayo machalii huwa wanauliza

Huku Chuga, yani Arusha, na kule Moshi ukikaa na watu wanaopenda gemu, ukitoa mpira na magari, mjadala unaokuja haraka ni huu: mmoja kamaliza misheni nzima bila kuonekana na mtu, mwingine kaingia kichwakichwa kafyeka kila anayekatiza mbele yake, alafu gemu inampa wa kwanza sifa na wa pili inamnunia. Sasa nani kacheza sawa na gemu inatakiwa itende haki vipi? Maswali yanajirudia sana kwa iyo nimeyaweka hapa pamoja na majibu yangu, pale penye nyama nimekaa sana na pale pasipo na mengi nimepita.

Kwanza gemu ya kunyata ndo ipi?

Ni ile ambayo kutoonekana ni silaha kama bastola ilivyo silaha. Metal Gear ya 1987 ndo inatajwa sana ukiuliza ilianzia wapi, alafu 1998 zikaja Thief na Metal Gear Solid na hapo mambo yakawa makubwa. Mimi hapa naongelea hasa zile za mchanganyiko, ambazo unaruhusiwa kunyata na unaruhusiwa pia kulianzisha, yani kupigana waziwazi: Dishonored, Deus Ex, Splinter Cell, Metal Gear Solid V, Hitman, Assassin's Creed na ndugu zake.

Kubalansi maana yake njia zote ziwe na nguvu sawa?

Hapana, na hapa ndo watu wengi wanabishana bure. Zikiwa sawa kabisa basi hakuna sababu ya kuchagua. Kinachotakiwa ni kila njia iwe na bei yake na utamu wake. Anayenyata analipa kwa muda na subira, anachopata ni taarifa, maana anawasikia walinzi wanavyopiga stori, anaokota funguo, anaijua ramani ya jengo hadi dirisha la chooni. Anayelianzisha analipa kwa damu na risasi na dawa za kujitibu, anachopata ni kasi na ule mzuka wa kupambana na watu sita kwa mpigo.

Tatizo linaanza pale malipo yote yanapoenda upande mmoja. Chukua Deus Ex: Human Revolution ya 2011, gemu naipenda sana ila kwenye hili ilipinda. Ukimzimisha mtu bila kumuua kwa ile mbinu ya karibu unapata pointi 50, ukimuua kwa mbinu hiyo hiyo unapata 30. Ukimaliza lengo bila kuonekana kabisa unaongezewa 500, na bila kuwasha kengele 250. Sa jumlisha mwenyewe hadi mwisho wa gemu. Pointi ndo zinanunua uwezo mpya mwilini mwa Adam Jensen, mhusika unayemchezesha, kwa iyo yule anayepigana, ambaye ndo anahitaji ngozi ngumu na mkono usiotikisika, anazipata kwa shida, na yule ambaye hapigwi hata risasi moja anajaza uwezo hadi unabaki. Kingine, kuhaki kompyuta, yani kuivunja bila paswedi, kunalipa pointi, kwa iyo hata kama umeokota paswedi halali mezani kwa mtu unajikuta unahaki tu ili usipoteze pointi. Gemu inakwambia cheza unavyopenda alafu siku ya malipo imeshachagua yenyewe.

Lakini anayenyata si anafanya kazi ngumu zaidi? Alipwe zaidi basi.

Mwanzoni ni ngumu, sawa. Ukishaizoea kunyata mara nyingi ndo njia rahisi kuliko zote, maana wewe unajua mlinzi yuko wapi na yeye hajui hata kama upo. Kwa iyo ukiendelea kumwongezea zawadi unampa mtu ambaye tayari yuko juu.

Mimi napenda kila mtu alipwe kwa kitu cha aina yake. Metal Gear Solid V: The Phantom Pain ya 2015 ilifanya hivyo kwa akili sana. Askari ukimzimisha bila kumuua unamfunga puto anapaa angani anaenda kambini kwako, baada ya muda anakuwa mtu wako, na kila mmoja ana kipaji, huyu mzuri kwenye utafiti wa silaha, yule kwenye udaktari, mwingine kwenye vita. Yani hujaambiwa usiue kwa sababu kuua ni dhambi, umeonyeshwa tu kwamba ukiua unapoteza fundi. Alafu anayekimbia na kupiga risasi naye hajatupwa, kwa sababu kwenye kupanga daraja la misheni muda una uzito mkubwa, ukimaliza haraka sana hata kwa kelele daraja la juu unaweza kulipata. Kila mtu ana mlango wake.

Splinter Cell: Blacklist ya 2013 nayo ilijaribu kwa uwazi kabisa. Iligawa watu makundi matatu, Ghost asiyegusa mtu, Panther anayeua kimyakimya, na Assault anayelianzisha, kila kitendo kinaingia kundi lake na kote kuna hela. Ghost analipwa zaidi, ila angalau hakuna anayeondoka mikono mitupu na kuna vifaa vya kila kundi dukani.

Kwa nini Dishonored inaniadhibu nikiua wakati imenipa silaha zote hizi za kuua?

Swali namba moja kwa miaka yote. Dishonored ilitoka 2012, imetengenezwa na Arkane Studios wa Lyon kule Ufaransa chini ya Raphaël Colantonio na Harvey Smith. Wewe ni Corvo Attano, mlinzi wa malkia kwenye mji wa Dunwall, umesingiziwa kumuua, na mji wenyewe una tauni inayosambazwa na panya. Gemu inahesabu chini kwa chini unavyoua. Hesabu ikipanda, misheni zinazofuata panya wanaongezeka, wagonjwa wanaotoka damu machoni wanaongezeka mitaani, ulinzi unakuwa mzito, na hadithi inaishia pabaya. Hata michoro ya Emily, yule mtoto wa malkia, inabadilika kadri mikono yako inavyozidi kuchafuka, nenda kaitazame ukutani, ni kitu kidogo lakini kinauma kuliko onyo lolote.

Kimantiki iko sawa kabisa. Maiti nyingi, panya wanakula, tauni inapanda, watu wanaogopa. Huo ni mji unaojibu ulichofanya, na mimi huwa naitetea Dishonored hapo. Na kama wewe ni wa kulianzisha, mji wenye panya na walinzi wengi ndo uwanja wako, umepewa vita zaidi, kwa nini ulalamike.

Ila kwenye begi la vifaa ndo nakubaliana na wanaolalamika. Anayeua kapewa bastola, mabomu ya waya, kundi la panya la kumtafuna adui, upepo wa kumrusha mtu kutoka ghorofani, upanga. Asiyeua ana roba na mishale ya usingizi, na hiyo mishale inaisha. Kwa iyo ukitaka mwisho mzuri unaishia kucheza robo ya gemu uliyoinunua. Hapo watu hawakukasirikia matokeo, walikasirika kwa sababu matokeo mazuri yalikuja na begi tupu.

Na Arkane wenyewe ukiangalia walichofanya baadaye unaona waliligusa hapo hapo. Dishonored 2 ya 2016 hawakutoa hesabu ya mauaji, waliongeza njia za kutoua: unaweza kumrukia mtu kutoka juu ukamzimisha tu, na hata katikati ya ugomvi wa panga unaweza kumlaza bila kumuua. Alafu Emily, ambaye humo unaweza kumchezesha, akapewa uwezo unaoitwa Domino, unawaunganisha watu kadhaa, kitakachompata mmoja kinawapata wote. Ukiwaunganisha ukamchoma mmoja upanga wanakufa wote, ukimpiga mmoja mshale wa usingizi wanalala wote. Uwezo mmoja, mitindo miwili, hakuna aliyeonewa. Kwangu hiyo ndo balansi nzuri kuliko kuongeza au kupunguza pointi. Mwaka 2017 ikaja Death of the Outsider na ile hesabu ikaondolewa kabisa, ua usiue ni juu yako. Wapo walioshangilia. Mimi niliona mji umekuwa mkimya kidogo, haunijibu tena.

Kwani kutoua ni wema?

Sio lazima. Kwenye Dishonored kuna mapacha wa Pendleton, wenye mgodi wa kutumikisha watu. Ukikataa kuwaua kuna njia nyingine, wanakatwa ndimi na kutupwa kwenye mgodi wao wenyewe. Kakae ufikirie mwenyewe kipi kikali.

Nikionekana tu narudisha sevu, yani narudi pale nilipohifadhi gemu mwisho. Tatizo langu au la gemu?

Mara nyingi la gemu, na hili jibu naomba ulisome hadi mwisho kwa sababu kwangu balansi yote inakaa hapa. Watu wanaangalia dakika ishirini za kunyata na dakika tano za kupigana, wanalinganisha. Mimi naangalia zile sekunde kumi unapoonekana. Kama kuonekana ni sawa na kufa, gemu ina mtindo mmoja tu hata kama imekujazia bunduki. Kama kuonekana hakuna madhara yoyote, nayo ina mtindo mmoja, kwa sababu hakuna haja ya kujificha. Gemu nzuri ni ile ambayo ukionekana mambo yanakuwa magumu LAKINI yanaendelea, na kama una akili unaweza kurudi gizani.

Splinter Cell ya kwanza, 2002, kwenye misheni nyingi kengele ikilia mara ya tatu umeshindwa, rudia. Hapo unacheza roho mkononi, inasisimua, ila mtu wa kulianzisha hana chake. Ilipokuja Chaos Theory mwaka 2005 sheria hiyo ikatolewa. Kengele ikilia walinzi wanakaa macho zaidi na wanajikinga vizuri zaidi, misheni inaendelea, kosa lako unalibeba mgongoni. Badiliko dogo kwenye karatasi lakini gemu ilifunguka.

Alafu tazama MGSV, yani ile Metal Gear Solid V, inavyofanya, nitakueleza kwa hatua. Unatambaa kwenye nyasi karibu na kambi, kuna askari ulikuwa humwoni, anageuka anakuona. Hapo hapo muda unapungua kasi kwa sekunde chache na kamera inakugeuzia kwake. Una nafasi ya kumpiga kabla hajapaza sauti. Ukimkosa anapiga kelele, wenzake wanakuja, na mmoja anachukua redio kuita makao yao. Lakini kama kabla ya kuingia ulivunja mitambo ya mawasiliano ya kambi, ile simu haiendi popote, kambi za jirani hazipati habari. Ukikimbia ukajificha wanakutafuta, wanazunguka pale walipokuona mara ya mwisho, muda unapita wanaanza kutulia. Hesabu milango iliyopo hapo kati ya kuonekana na kufa, ni mingi, na kila mlango una mtu wake. Yule wa kulenga vizuri anatumia ile sekunde ya kwanza, yule wa kupanga alishavunja mitambo mapema, yule wa mbio anakimbia, na yule wa fujo anasimama anapigana.

Mark of the Ninja, ya 2012 kutoka studio ya Klei, hii ya kutazama kwa ubavu, inaacha kivuli chako pale ulipoonekana mwisho. Walinzi wanavamia kile kivuli wewe ukiwa umeshapita darini unawatokea nyuma. Kosa limegeuka mtego. Ukicheza gemu ya namna hiyo utajikuta kidole kimesahau kile kitufe cha kurudisha sevu.

Kwa iyo jaribu hivi: misheni inayofuata, ukionekana usirudishe, cheza hadi ufe kweli. Kama gemu inakupa njia ya kutoka utaifurahia zaidi, na kama haikupi basi umeijua.

Mbona walinzi ni vipofu hivi? Nimepita mbele yake kabisa!

Kwa makusudi kabisa. Mlinzi wa kwenye gemu akiwa na macho kama ya mtu wa kweli hakuna atakayetoka chumba cha kwanza. Anapewa eneo la kuona mbele yake, na kuna muda kati ya kukuona na kuwa na uhakika kwamba amekuona. Ule muda unarefushwa au kufupishwa kutokana na umbali, mwanga, umechuchumaa au umesimama. Ndo maana wengi wanaongea peke yao kwa sauti, nani yuko pale, labda ni panya tu. Mlinzi mwenye akili timamu angenyamaza akuvizie. Anaongea kwa faida yako, ili ujue umebakiwa na nafasi kiasi gani.

Dishonored ya 2012 ilizidisha kidogo, ukichungulia kwenye kona kwa kuinamisha kichwa, kichwa kinatoka nje chote lakini mlinzi hakioni kwa sababu mwili wako bado uko nyuma ya ukuta. Inafurahisha na inasaidia, ila ukishaijua huwezi kuacha kuiona.

Na kwa nini hawatazami juu? Wengi hawatazami kwa sababu juu ndo sehemu yako ya kupumulia. Ukiwapa walinzi macho ya juu lazima umpe mchezaji kitu kingine badala yake.

Kuna gemu inayonizuia kurudia mbinu ile ile?

Hapo tena MGSV. Ukiwapiga sana risasi za kichwa wanaanza kuvaa helmeti. Ukipenda kwenda usiku wanapata miwani ya kuonea gizani. Ukitumia gesi wanavaa barakoa. Gemu haikukatazi, inamfundisha adui. Alafu wewe una jibu, unaweza kutuma askari wako wakaharibu ugavi wa zile helmeti au miwani, ukapumua kwa muda.

Naipenda hii njia kwa sababu haina hukumu. Haikwambii mtindo wako mbaya, inakwambia tu wenzako wamekusoma. Yule aliyezoea kupiga kichwa kimyakimya kwa mbali analazimika kushuka chini akajaribu roba, anagundua kumbe inanoga. Gemu nyingi zinajaribu kubalansi kwa kupunguza nguvu za silaha, hii inabalansi kwa kukusogeza.

Mabosi, wale maadui wakubwa, je? Nimenyata gemu nzima nafika kwa bosi nafungiwa chumbani.

Ulionewa. Mfano wa vitabuni ni hiyo hiyo Deus Ex: Human Revolution. Mabosi wake walitengenezwa na kampuni nyingine, Grip Entertainment, na walikuwa ni risasi tu. Mtu kaweka kila kitu kwenye kuhaki na kujificha, kafika kwa bosi Barrett mwenye bunduki iliyojengwa ndani ya mkono, hana silaha ya maana, hana pa kupita. Kelele zilikuwa kubwa sana, na mwaka 2013 wakatoa Director's Cut ambayo vyumba vya mabosi viliongezwa sehemu za kuhaki na njia za pembeni, ukawa unaweza kumshinda bosi kwa mtindo uliokuja nao. Ukiitafuta leo tafuta hiyo ya 2013.

Thief ya zamani inatajwa kila mahali, kwani ina nini?

Ina sakafu. Nasema kweli. Kwenye Thief: The Dark Project kitu cha kwanza unachojifunza ni kusikiliza miguu yako. Ukikanyaga zulia hakuna sauti, ukikanyaga vigae inasikika, ukikanyaga chuma ni kengele. Kuna mshale wa kuvu unaupiga kwenye sakafu inayopiga kelele inafunikwa na majani laini, unapita juu yake. Kuna mshale wa maji unazima mwenge ukutani, chumba kinaingia giza. Chini ya kioo kuna kito kinachokuonyesha uko kwenye mwanga kiasi gani. Upanga unao, ila Garrett, mwizi unayemchezesha, sio mpiganaji, walinzi wawili wakikukuta umeisha.

Kwa iyo yenyewe haibalansi mitindo miwili, imechagua mmoja na kuuchimba hadi chini. Naitaja ili ujue kwamba sio lazima kila gemu imhudumie kila mtu. Ubaya ni kuahidi njia mbili alafu ukatoa moja.

Kingine kizuri, ugumu kwenye Thief hauongezi tu uhai wa maadui. Ukichagua ngazi ya juu malengo yenyewe yanabadilika, unatakiwa kuiba zaidi, na kwenye misheni nyingi unakatazwa kuua binadamu. Natamani gemu za sasa zingeliiga hili.

Kusevu kila hatua ni kudanganya?

Hapana, sevu unavyotaka. Shadow Tactics ya 2016 inakuonyesha kabisa muda uliopita tangu usevu mara ya mwisho, yani waliitengeneza wakijua utasevu na kurudia, wakaifanya kuwa sehemu ya mchezo. Upande wa pili Hitman 2 ya 2018 kwenye ugumu wa Master inakupa sevu moja tu kwa misheni. Zote sawa kwa watu wao.

Ila tuongee kwa mazingira yetu. Umeme ukikatika saa mbili usiku uko mlango wa mwisho wa jengo na gemu inasevu kwa chekipointi tu, yani sehemu ilizopanga yenyewe, nusu saa ya kunyata imekwenda na maji. Anayelianzisha anapoteza dakika tano anarudi alipokuwa. Sevu chache zinamwumiza anayenyata zaidi, na huku kwetu zinamwumiza mara mbili. Kama unacheza kwenye kompyuta ya mezani isiyo na yupiesi, ile betri ya akiba, chagua gemu yenye sevu ya papo hapo, usijitese.

Kwenye banda la gemu hizi zinachezeka?

Kwa shida, na sababu nayo ni balansi. Pale unalipia muda. Iwe Ngarenaro hapa Arusha iwe Majengo kule Moshi, kama saa inahesabu na nyuma yako kuna chalii anasubiri zamu, kila dakika unayokaa nyuma ya pipa ukimwangalia mlinzi anazunguka ni hela inayoyeyuka, kwa iyo hata mtu mvumilivu anajikuta amesimama ameanza kufyatua. Mtengenezaji aliipanga bei ya kunyata kuwa subira, hakujua kuna sehemu subira inalipiwa kwa shilingi. Alafu sevu, unarudi kesho unakuta mtu kaanza upya juu ya sevu yako.

Ukitaka kucheza banda chagua yenye misheni zinazojitegemea. Hitman inafaa, ramani moja, shabaha yako, umemaliza. Mark of the Ninja pia. Na kuna raha moja ya banda ambayo nyumbani huipati, wale waliokaa nyuma yako wanakuwa macho yako, huyu anakwambia gadi anakuja kushoto, yule anakwambia subiri subiri sasa. Misheni ya kunyata na watu wanne wamebana pumzi nyuma ya benchi moja inasisimua kama penati.

Hitman ya sasa inahitaji intaneti?

Unaweza kucheza bila, ila vifaa vipya na changamoto zinahesabika ukiwa umeunganishwa. Na zile changamoto ndo moyo wake, kwa sababu zinalipa njia yoyote utakayobuni: ulivaa nguo za mpishi, uliangusha taa, ulimpiga kwa mbali, kila moja inahesabiwa peke yake na zote zinakufungulia vitu vya kuanzia misheni tena. Hiyo ni balansi ya kurudia, leo unyate kesho ulianzishe. Andaa bando.

Assassin's Creed Shadows kutugawia wahusika wawili ni suluhisho?

Ilitoka Machi 2025, Naoe ni shinobi, yani ninja, Yasuke ni samurai. Naoe anazima taa, analala chini akatambaa, anajificha kwenye giza. Yasuke anavunja milango na hapandi kuta vizuri. Faida yake kila mtindo umetengenezwa kwa ukamilifu, sio yule mtu mmoja anayejua kila kitu nusunusu. Na kwenye mipangilio unaweza kuamua kisu cha kuvizia kiue moja kwa moja hata kwa adui wa ngazi ya juu, kitu ambacho wapenzi wa kunyata walikililia tangu gemu hizi zilipoingiza mambo ya levo, yani ngazi za nguvu za wahusika na maadui.

Hasara ni ile ile ya zile sekunde kumi. Naoe akionekana huwezi kugeuka Yasuke hapo hapo katikati ya vurugu, unapambana naye alivyo au unakimbia. Mimi naona ni njia nzuri kwa anayejua anachotaka kabla ya kuingia getini, na sio nzuri sana kwa anayependa kuamua akiwa ndani.

Nichague ugumu gani?

Usichague rahisi kabisa, hata kama ni mara yako ya kwanza. Kwenye rahisi mlinzi anakupiga haikuumi, kwa iyo hakuna sababu ya kunyata na nusu ya gemu inakufa. Chukua ya kati kwenda juu. Dishonored 2 ina njia ya kukataa nguvu zote za kichawi, hiyo iache kwa mzunguko wa pili.

Nianze na ipi, laptopu yangu ya kawaida?

Mark of the Ninja. Ni nyepesi, haihitaji mashine kubwa, na inakuchorea sauti kama duara kwenye kioo kwa iyo unajifunza kunyata kwa macho kabla ya masikio. Ina nguo tofauti za mhusika, mojawapo inakunyang'anya upanga kabisa na kukupa miguu isiyo na sauti, nyingine zinakusukuma upande wa kuua, yani unabadilisha mtindo kwa kubadilisha nguo. Ukiimaliza nenda Dishonored ya 2012, nayo sasa inakubali mashine nyingi za zamani. Cheza mara ya kwanza bila kusoma chochote kuhusu miisho yake, ua unapoona kuna haja, acha unapoona hakuna, alafu mzunguko wa pili nenda kinyume na ulivyofanya. Kama una spika mbovu tafuta hedifoni, hata zile za bei nafuu za Soko Kuu zinatosha, maana hatua za mlinzi zinasikika kabla hajatokea.